Kupe tumewang'oa Juni, muwasho haujang'oka

Mwalimu wa Konde
Jumanne, saa 7:10 usiku

Assalamu alaykum. Mnisamehe kwa saa hizi, anayelala ni yule asiyewashwa.

Mie ni mwalimu wa skuli, nakaa Konde, Pemba, na nina ng'ombe wawili wa maziwa, mama na mtamba wake. Asubuhi nafundisha, jioni nakata majani. Jumapili moja katikati ya Juni, masika yamekwisha na majani yamesimama mpaka kiunoni, nilikwenda kukata pembezoni mwa msitu wa Ngezi. Nilijaza mapolo mawili, nikachoka, nikalikalia moja huku namsubiri kijana wa gari ya ng'ombe. Kijana alichelewa. Nikakaa pale kama nusu saa, nakunywa maji na kujibu meseji za wazazi. Nusu saa hiyo nailipia mpaka leo.

Usiku baada ya Isha nikahisi kama nimemwagiwa ufuta kiunoni. Nikamwita mume wangu na tochi ya simu. Akainama, akatazama, akasema, "Madoa gani haya yenye miguu?" Alinitoa 27, akiwahesabu kwa sauti kama mtu anayepima pishi za karafuu. Wadogo, wengi wao pale kanga inapofungwa, wachache kwenye vifundo vya miguu. Na mmoja mkubwa nyuma ya goti la kushoto, ana madoadoa ya rangi mgongoni. Huyo alimvuta kwa kucha akakatika. Kiwiliwili kikabaki mkononi mwake, kilichobaki kwangu sikijui.

Wale wadogo wengi pahala pao pamekauka. Lakini sehemu kumi na moja zimegeuka vivimbe vigumu, kila kimoja kama choroko, rangi ya zambarau mbivu. Mchana vinanyamaza. Nikioga maji ya moto, au nikilala tu shuka likagusa, basi tena. Najikuna mpaka damu. Juzi mume wangu kanikuta jikoni na gunzi la muhindi najisugua kiuno, akageuka akaondoka bila kusema neno. Bora angesema.

Dawa nilizotumia: mavyaa alinipaka mafuta ya makonyo ya karafuu, yale makali ya kiwandani, hayakuchanganywa na kitu. Niliruka. Sehemu mbili zilibabuka ngozi na sasa hizo ndizo zinazoongoza kwa kuwasha. Jirani akaniletea dawa ya kuogeshea ng'ombe nijipake, hiyo nilikataa kwa heshima. Nikenda duka la dawa, kijana akanipa krimu ya tyubu ndogo bila ya kuniuliza hata suala moja. Ikatuliza siku tatu, nikaacha, muwasho ukarudi na jamaa zake.

Nauliza: kichwa cha kupe ndicho kilichobaki ndani kikawa bado kinaishi? Wiki saba ni kawaida? Na mavyaa anasema hawa ni papasi, nisubiri homa ya vipindi. Mie nshachoka hata kuogopa.

---

Kidagaa
Jumanne, saa 12:40 asubuhi

Pole mwalimu. Mafuta ya taa tu, asubuhi na jioni. Sisi tumekulia hivyo.

---

Babu wa Kengeja
Jumanne, saa 1:25 asubuhi

Kidagaa, mafuta ya taa yaache kwenye kandili. Baba yangu mie alikuwa akiwaunguza kupe kwa moto wa sigara, huku nimeshikwa miguu na kaka zangu wawili. Kovu la sigara ninalo hapa pajani mpaka leo. La kupe silioni.

Mwanangu mwalimu, wa alaykum salaam. Nina miaka sabini na mbili, nimefuga mafahali wa mchezo wa ng'ombe tangu mzee yu hai, na hawa wadudu nawajua kuliko ninavyowajua baadhi ya wakwe zangu. Mavyaa wako mwambie kwa adabu, tena usimwambie mbele za watu, kwamba papasi ni mwengine. Papasi anakaa kwenye nyufa za nyumba ya udongo, anatoka usiku, anafyonza muda mfupi kisha anarudi ufani mwake. Asubuhi humkuti mwilini. Wewe umetolewa wadudu walioganda. Hao ni kupe wa majani.

Na wale wadogo, pengine wote watoto wa mama mmoja. Jike akishashiba kwenye ng'ombe anajiachia, anaanguka chini, anataga mayai maelfu pahala pamoja, kisha anakufa. Vitoto vikitoka vina miguu sita tu, ya nane huja baadaye. Vinapanda kwenye majani, vinajikusanya nchani, vinanyoosha miguu ya mbele kama ntu anayeomba lifti. Kupe haruki wala harukiruki. Anangoja. Akipita ng'ombe, ng'ombe. Akipita mwalimu, mwalimu. Sasa wewe hukupita, wewe ulilikalia lile jani na ukoo wake wote.

Hiyo wiki ya saba unayoilalamikia ni changa. Mie nilipata kimoja ubavuni wakati wa vuli, kupe mkubwa kama huyo wako wa madoadoa, nikamnyofoa ovyo kwa haraka ya kuwahi uwanjani. Nikafunga nacho Ramadhani, nikala nacho Idd, kikaondoka masika yameshika. Hakikuwa ugonjwa, kilikuwa udhia. Lakini mie si tabibu, wako humu watabibu, na waseme.

---

Tabibu wa Zamu
Jumanne, saa 3:05 usiku

Nimetoka zamu sasa hivi, nimesoma yote. Dada mwalimu, mie ni tabibu msaidizi kwenye kituo cha afya huku kusini ya kisiwa. Sikuoni wala sikushiki, basi maneno yangu yachukue kama ya barazani mpaka uonane na mtu uso kwa uso.

Kabla sijasema kitu, nijibu haya. Nyumbani kuna mwengine anayewashwa usiku, na je, una vipele katikati ya vidole au viganjani? Maana upele nao huwasha zaidi usiku, na nimeshaona mtu ametibiwa "kupe" miezi miwili kumbe nyumba nzima ina upele. La pili: katika zile wiki mbili za mwanzo ulipata homa, kichwa kikali, au mtoki kinenani? La tatu: pale nyuma ya goti palipata kuwa na kigaga cheusi, kama ngozi iliyoungua na kaa la moto? Na huna mimba wala hunyonyeshi?

Wakati nasubiri majibu nikueleze kinachokuwasha, maana wengi wanadhani ni kupe mwenyewe.

Kupe akitoboa, wewe huhisi kitu. Mate yake yana vitu vya kufisha ganzi, vya kuzuia damu isigande, na vya kunyamazisha hata ule muwasho wa kawaida, kwa sababu yeye hakuja kwa dakika mbili kama mbu, amekuja kwa siku kadhaa. Ukimhisi mapema atang'olewa. Mdomo wake una miiba iliyoelekea nyuma, kama ulimi wa ndoana, na aina nyingi wanautilia na aina ya saruji wanayoitengeneza wenyewe kwa mate, ikaganda mle ngozini. Wale wakubwa wa madoadoa wana mdomo mrefu kushinda wengine, ndiyo maana jeraha lao linakwenda chini.

Mkishamtoa, ile dawa ya kunyamazisha inakatika, lakini mate na saruji vimebaki. Mwili unaamka, unakuta vitu vya kigeni, unapeleka askari. Askari wanajazana pale, ngozi inakuwa ngumu, ndicho hicho kivimbe chako cha choroko. Na mtu aliyewahi kuumwa na kupe mara nyingi, kama mfugaji, mwili wake unawakumbuka, safari hii unakuja na hasira zaidi. Wiki kadhaa ni jambo la kawaida. Miezi nayo hutokea.

Kuhusu "kichwa": kinachobaki ni ncha ya mdomo tu. Haiishi, haili, haikui, haitembei kwenda moyoni (nimeulizwa hilo wiki iliyopita na mtu mzima mwenye ndevu). Ni kama mwiba uliovunjikia ndani. Mara nyingi ngozi inausukuma wenyewe. Usichokoe na sindano. Nimeona madhara mengi ya sindano kuliko ya hiyo ncha.

Jengine ni hilo gunzi la muhindi. Ngozi ikikunwa kila siku inajifunza kuwa nene, na ikiwa nene inawasha, na ikiwasha unaikuna. Ikifika hapo kupe kashasahauliwa zamani, muwasho unajiendesha wenyewe. Nina wasiwasi baadhi ya hivyo kumi na moja vimeshafika huko.

---

Mwalimu wa Konde
Jumatano, saa 10:20 alasiri

Tabibu, Mwenyezi Mungu akuzidishie. Babu, nimecheka kwa mara ya kwanza wiki hii, na mavyaa nimemwambia chumbani, peke yake, kwa adabu. Kanijibu, "Huyo babu alilala nyumba ya udongo lini?" Nimeyaacha hapo.

Majibu. Nyumbani hakuna mwengine anayewashwa. Vidoleni sina kitu. Mimba sina, na mtoto wangu wa mwisho ana miaka tisa.

Homa, sasa ndiyo umenikumbusha. Siku ya sita au ya saba baada ya ile Jumapili nililala siku tatu. Kichwa kilikuwa hapa mbele kama kimefungwa kamba ya mnazi, maungo yote yanauma, na mtoki kinenani upande wa kushoto mpaka nikawa nachechemea. Nikenda kituoni wakanipima malaria ya kidole, hakuna. Nikapewa panadol. Kupe sikuwatajia kabisa, wala mtu hakuniuliza. Siku ya nne homa ikaondoka yenyewe nikarudi skuli.

Na nyuma ya goti, naam. Kigaga cheusi ti, duara, kama sumni ya zamani, na pembeni pekundu. Hakikuwa kinauma. Kilibanduka baada ya wiki mbili tatu hivi, kikaacha shimo dogo, na sasa pale ndipo penye kivimbe kikubwa kuliko vyote.

Sasa nimeogopa.

---

Tabibu wa Zamu
Jumatano, saa 4:15 usiku

Usiogope, lakini vizuri umesema, na ungelisema siku ile ungelipumzika mapema.

Uliyoyaeleza yanafanana sana na homa ya kupe. Siyo ile ya papasi, hii ni nyengine, inaletwa na kijidudu kinachoitwa Rickettsia africae, na mchukuzi wake mkubwa ni hao hao kupe wa madoadoa wanaokaa kwenye ng'ombe. Inaanza siku tano mpaka kumi baada ya kuumwa: homa, kichwa, mtoki upande ule ule ulioumwa, na kigaga cheusi kimoja au zaidi. Watalii wanaokwenda kwenye mbuga za kusini mwa Afrika wanarudi nayo kwao kila mwaka. Wafugaji wa huku wanaugua, wanapona, maisha yanaendelea.

Dawa yake ni doksisaiklini, na mtu akiianza homa ikiwa bado ipo, kwa kawaida siku mbili anaona nafuu. Wewe ulipona bila dawa, kama wanavyopona wengi. Wiki ya saba, huna homa, mtoki umeshuka, sioni sababu ya kukimbilia hizo kepso leo, na tafadhali usizinunue mwenyewe "kwa tahadhari". Ila ukipata homa tena, hata mwakani, neno la kwanza kinywani mwako liwe kupe. Malaria imeshuka sana visiwani kwetu, kipimo kikisema hakuna mara nyingi kinasema kweli, na sisi watabibu tunatakiwa tuulize la pili. Wakati mwengine tuna wagonjwa arubaini barazani na hatuulizi. Ndivyo ilivyo.

Sasa vivimbe, ambavyo ni jambo mbali na ile homa.

Ile tyubu ndogo, soma ubavuni. Nahisi ni ile krimu ya mchanganyiko, ina dawa ya fangasi, ya bakteria na ya kutuliza ngozi pamoja. Inauzwa kwa kila kitu. Katika hizo tatu inayokusaidia wewe ni moja tu, ya kutuliza, mara nyingi betamethasoni, na uliiacha siku ya tatu wakati ndiyo kwanza inafika kazini. Mwambie wa kituoni akupe ya betamethasoni peke yake. Utapaka juu ya kivimbe tu, siyo kiuno kizima, kidogo kama ncha ya kiberiti, mara mbili kwa siku, wiki mbili. Kivimbe kigumu usiku kifunike na plasta baada ya kupaka. Plasta inafanya kazi mbili: dawa inaingia vizuri, na kucha zako hazifiki. Sehemu mbili zilizobabuliwa na mafuta ya makonyo ziache kwanza zifunge, paka mafuta ya kawaida ya mgando mpaka ngozi irudi.

Na hapa niwaambie dada zangu wote wanaosoma: krimu hizi si za usoni. Ziko kali zaidi, za klobetasoli, ndizo hizo wengine wanazojichubulia. Ukizoea ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi ya kufungia kashata.

Usiku kunywa setirizini moja ya miligramu 10. Piriton nayo inafaa na ni rahisi, lakini inalewesha usingizi, na wewe una skuli asubuhi. Maji ya kuoga yawe ya uvuguvugu au baridi. Ukiwashwa, chovya kitambaa kwenye maji baridi ukibandike, ubonyeze, usisugue. Kucha kata leo usiku huu.

Cha nyuma ya goti kipe mwezi. Kikikataa, nenda spitali kubwa waonane nacho. Wanaweza kukichoma sindano ya dawa ndani yake, au kukikata kwa ganzi na kukipeleka kupimwa, kazi ya dakika chache.

---

Ukhti Mtambwe
Alhamisi, saa 2:00 asubuhi

Tabibu na mie niulize hapo hapo. Ndugu yangu yuko Marekani, kaniambia huko mtu akiumwa na kupe hali tena nyama maisha. Kweli hiyo au ndiyo mambo ya simu? Maana sisi Idd kubwa inakuja na mume wangu kupe wamemzoea.

---

Tabibu wa Zamu
Alhamisi, saa 7:50 mchana

Kweli ipo, lakini imekuzwa njiani. Huko kuna kupe wao, Amblyomma americanum, baadhi ya watu wakiumwa naye mwili unaikataa nyama nyekundu, ya ng'ombe, mbuzi, kondoo. Kuku na samaki hawahusiki. Ajabu yake ni kwamba hauanzi mezani, unaanza baada ya saa mbili mpaka sita, mtu kashalala, anaamka na vipele, tumbo, pengine pumzi hazitoshi. Afrika Kusini nako wameandikwa wagonjwa wa namna hiyo. Mumeo akila na halimpati kitu, na ale. Likimpata la namna hiyo usiku wa siku ya nyama, hilo si la kusubiri asubuhi.

---

Bwana Mifugo Mstaafu
Alhamisi, saa 11:30 jioni

Watu wamemtibu mwalimu, ng'ombe hakuna aliyemuuliza hali.

Mwalimu, umefanya vizuri kukataa ile dawa ya jirani. Dawa za kuogeshea ni sumu iliyopimwa kwa ngozi ya ng'ombe wa kilo mia mbili na zaidi. Nimewahi kumuona mtu aliyejipaka kichwani kwa sababu ya chawa, alitapika njia nzima mpaka spitali.

Nenda kawatazame wako wawili kesho asubuhi kabla ya kukama. Funua sikio, ndani. Hapo hukaa wale wa rangi ya kahawia, wanaoleta ndigana kali. Huyo ugonjwa wake hauji kwa binaadamu, lakini mtamba wako utamzika. Wa madoadoa tafuta chini: kwenye kiwele, katikati ya miguu, chini ya mkia. Ukimkuta huko, jua yule wa gotini kwako ana ndugu zake nyumbani, tena wewe unakama umechuchumaa hapo hapo, uso kwenye kiwele. Waogeshe, au tia ile ya kumimina mgongoni, kwa siku zilizoandikwa kwenye karatasi ya dawa, na soma pia maziwa yanazuiwa siku ngapi. Unauza maziwa, wateja wako ni watoto.

Kuku wakizunguka zizini waache, wao wanawala kupe kweli. Yangeyange msimtegemee sana, yeye anafuata panzi wanaorushwa na miguu ya ng'ombe, sifa tumempa sisi.

Watu huniuliza mbona Unguja mbung'o waliondoshwa, na kupe hawaondoki. Mbung'o wa mwisho alinaswa 1996, walimwaga kwa ndege madume tasa, majike yakapandwa bila mimba, ukoo ukakatika. Jike la mbung'o linazaa mtoto mmoja mmoja. La kupe, Babu wa Kengeja keshawaambia, maelfu kwa mkupuo. Hesabu hizo mbili hazifanani.

Shambani: suruali ndani ya deira, soksi juu ya suruali, soksi nyeupe ili umuone anapopanda. Usikalie polo. Ukirudi, nguo zivulie nje, usizitupe kitandani. Na chukua selotepu, ile ya skuli, pitisha kwenye ngozi kabla hujaoga. Vile vidogo ambavyo havijang'ata vinaganda vyote kwa mkupuo, hakuna haja ya kucha za mume. Aliyekwisha kung'ata mshike kwa kibano cha nyusi, chini kabisa kwenye ngozi, siyo tumboni, uvute moja kwa moja juu, polepole, bila kumzungusha. Ukimbinya tumbo unamtapisha ndani yako.

---

Kidagaa
Alhamisi, saa 1:10 usiku

Sawa, nimesikia, mafuta ya taa nimeyarudisha kwenye kandili. Lakini mbona mie yalinisaidia?

---

Babu wa Kengeja
Alhamisi, saa 1:35 usiku

Kwa sababu ulinuka, Kidagaa, hata mbu walikukimbia.

---

Mwalimu wa Konde
Wiki tano baadaye, Jumamosi, saa 12:15 jioni

Nimerudi, maana najua mtu akipona hurudi kimya kimya na wenziwe wakabaki hawajui.

Krimu nilikwenda kuichukua Wete, nikamtajia muuguzi neno "kupe" kabla hata ya salamu, akacheka. Nikapaka wiki mbili kamili, plasta usiku. Plasta za kwanza zilikuwa zinabanduka kwa jasho, nikaanza kupaka baada ya Isha nikiwa nimekaa mbele ya feni robo saa kabla ya kubandika, zikashika. Setirizini nilitumia usiku kumi na mbili tu. Usiku wa tatu nililala mpaka adhana ya Alfajiri, mume wangu akaniamsha akidhani naumwa.

Vivimbe nane vimelala. Vimebaki madoa ya kahawia, ukipitisha kidole ni laini. Viwili vya mafuta ya makonyo vilichelewa kwa sababu vilisubiri ngozi kwanza, na sasa kimoja kinawasha kidogo siku za joto. Sehemu ya kujikuna ilikuwa ngumu kuliko dawa. Mkono ulikuwa unakwenda wenyewe, hata darasani, najikuta nimeshika chaki huku mkono wa pili uko kiunoni na watoto wananitazama. Nilichofanya, nikawa nabonyeza kwa kidole gumba nikihesabu mpaka thalathini. Wanafunzi wa darasa la tano wameshajua, wananihesabia.

Cha nyuma ya goti kilikataa, nikenda kukatwa wiki iliyopita. Ganzi iliuma kuliko kisu. Daktari alinionyesha kwenye kijichupa: kitu cheupe kama kipande cha nazi, na katikati kidoa cheusi hata hakifiki ncha ya sindano. Pengine ndiyo ile ncha ya mdomo, pengine siyo, majibu bado. Nyuzi tatu, zinatoka Jumatatu.

Ng'ombe: mama nilimkuta na saba wa madoadoa kwenye kiwele, Bwana Mifugo umesema kama uliyekuwepo. Mtamba alikuwa na wa masikioni. Nimewaogesha mara tatu sasa.

Mavyaa hajakubali habari ya papasi, ila juzi nimemkuta anapitisha selotepu kwenye miguu yake akirudi kuchuma kisamvu. Sikusema kitu na yeye hakusema kitu.

Leo nimekata majani polo moja na nusu, nimesimama muda wote. Nimemkuta mmoja tu, kwenye soksi, bado anapanda. Soksi zenyewe ni za skuli za mwanangu, za kwangu zote nyeusi. Anazidai kabla ya Jumatatu, na zina utomvu wa mgomba usiotoka hata kwa jiki. Mwenye kujua dawa ya hilo aandike.